Mashine Mbili, Namba Moja

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye duka la fotokopi hapa Kibiti kutoa kopi ya kitambulisho, nikawakuta vijana wawili wamekunja nyuso mbele ya kompyuta. Nikasimama nyuma yao, maana macho hayana adabu. Walikuwa wameiweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ndani ya Windows, wakainakili nzima kwenye kompyuta ya pili, na sasa kazi wanayoihifadhi mara ipo, mara haipo. Wakawa wanalaumu waya, wanalaumu mnara wa simu, halafu wakaanza kulaumiana wenyewe.

Nikawaambia, "Ya pili mmeiachia namba ya ile ya kwanza. Ibadilisheni, na ile namba ya kadi pia, halafu muiwashe upya."

Wakanitazama kama aliyesema ni mashine ya fotokopi. Mmoja akabadilisha, mambo yakakaa sawa. Akaniuliza nimeyajulia wapi haya.

"Mie nilikuwa mtu wa jenereta tu," nikamjibu, nikachukua kopi yangu nikatoka.

Nilifika nyumbani, nikakiacha chakula mezani. Jibu lile nilishawahi kulitoa mara moja, zamani, na mtu mwingine ndiye aliyelilipia. Kesho yake nikanunua daftari. Hili hapa. Mwandiko mtanisamehe, niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu yake nililimalizia kwenye shamba la mwalimu.

Ujenereta nilijifunza kwenye kinu cha mpunga cha shirika la umma. Lilipokuja soko huria, kinu kikauzwa. Tukaambiwa mwenye mali mpya atakifufua. Alikuja, akang'oa mota, akang'oa mikanda, akang'oa hata mabati, akavipakia kwenye lori, na sisi tukapewa kila mmoja barua ya kushukuriwa. Barua yangu mke wangu aliitumia kuzibia tundu la panya. Sikumkataza, ilikuwa karatasi ngumu.

Nikakaa bila kazi misimu miwili ya mpunga. Mnaosema wazee wa siku zile tulikuwa waoga, hamjakaa misimu miwili mnamtazama mkeo anapima mchele kwa kiganja.

Ndipo ukaja mradi wa kupima mashamba ya delta. Siwataji, na wenyewe wameshaondoka. Walikodi nyumba hapa Kibiti, wakaleta kompyuta tatu, jenereta moja, na meneja mmoja aliyekuwa anavaa tai kwenye joto hili. Mie nikaajiriwa kuendesha jenereta. Dizeli za miaka ile zilikuwa zimechanganywa maji, kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Nilikuwa nachukua chupa nyeupe, natia dizeli, naiacha juani. Maji yakishuka chini nairudisha dukani. Muuzaji akaniita Mpimadizeli. Nilikubali jina, lakini dizeli yake sikuikubali.

Sasa kazi ya mradi ilikuwa hii. Kule Salale na vitongoji vyake watu wanalima mpunga kati ya mikoko, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya shamba. Shamba lako linajulikana kwa dungu lako, kile kibanda cha juu cha kufukuzia ndege, na kwa majirani wanaokujua. Basi alikuwa amejitokeza mwekezaji anataka sehemu achimbe mabwawa ya kufugia kamba. Ikaamuliwa kwamba kabla ya kumgawia, yasomwe majina mkutanoni, na atakayesomwa shamba lake haliguswi. Asiyesomwa, eneo lake linahesabiwa tupu. Kwa hiyo orodha ile ndiyo iliyokuwa shamba lenyewe. Wapimaji walikwenda kwa boti, wakajaza fomu, fomu zikaletwa Kibiti, na binti mmoja akaziingiza kwenye kompyuta.

Binti huyo ni Mwanaidi, wa Ikwiriri, baba yake muuza vitambaa. Mwepesi wa mikono na mwepesi wa ulimi. Nikimpelekea habari kwamba jenereta linataka kupumzika, ananiambia, "Babu, mpumzishe mkeo kwanza." Mie namwambia ulimi huo utakukosesha mume, yeye anasema bora akose mume kuliko kukosa umeme.

Programu ya orodha ilikuwa inataka Linux. Meneja naye barua zake anaziandika kwenye Windows, na hakuwa tayari kuiacha. Kompyuta ya kuweka Linux peke yake hakuna. Akaletwa Deo, fundi kijana kutoka Dar, mwenyeji wa Moshi, mtu wa kunywa chai ya tangawizi hata jasho likimchuruzika. Deo akaiweka Linux ndani ya Windows ya meneja, mashine ndani ya mashine. Mie nikawa nakwenda kutazama kila ninapopata mwanya, yeye akaona ninatazama kwa makini, akaanza kunieleza. Mungu amlipe. Wasomi wengine ukiwatazama mikono wanakupa mgongo.

Alinieleza hivi, nami nawaeleza nyinyi. Linux nzima iliyo ndani, na majina yote, na kila kitu chake, imekaa kwenye faili moja kubwa juu ya Windows. Ukilichukua faili lile umeichukua nyumba na watu wake. Lakini nyumba ile haina mlango wa nje. Lazima uitengenezee kadi ya mtandao, si kadi ya kushika, ni kadi ya kuandikwa tu, halafu kwenye Windows unaiunganisha na kadi ya kweli ziwe daraja moja. Usipojenga daraja, aliye ndani anaongea na Windows tu, hajulikani na mtu mwingine. Ukishajenga, unampa namba yake ya mtandao, tofauti na ya Windows. Yetu mwisho wake ilikuwa arobaini. Mwanaidi kwenye kompyuta yake anaandika namba ile, orodha inafunguka.

Siku ya kwanza Deo aliniachia nijaribu, nikampa wa ndani namba ileile ya Windows, kwa kuwa niliona wanakaa nyumba moja. Windows ikatoa ujumbe hapohapo kwamba namba hii ina mwenyewe. Deo akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mie nikashika somo nusu. Nilishika kwamba ukikosea, mashine itakuambia. Hilo ndilo nililolishika, na ndilo lililoniponza.

Jingine alilonifunza ni kupiga hodi. Kuna amri unaandika, na namba, halafu mashine ya upande wa pili inaitikia. Isipoitikia, usikimbilie kufungua kasha. Tazama kwanza waya, halafu daraja, halafu yule mlinzi wa Windows anayezuia wageni wa mtandao, maana mlinzi yule akichachamaa anamfungia nje hata mwenye nyumba. Deo aliniandikia haya yote kwenye boksi la kompyuta kwa wino mzito, amri juu, namba chini, nikalikata boksi nikalitundika kwenye msumari ukutani. Kizungu sikukijua, lakini kwenye chuo cha Kurani nilihifadhi juzuu nzima kabla sijajua maana ya aya moja, kwa hiyo kuhifadhi amri ishirini halikuwa jambo. Baada ya miezi mitatu Deo akarudi Dar, na Linux ya mradi ikawa inawashwa na mtu wa jenereta. Meneja hakujua. Alikuwa anakuta imewaka, basi.

Ikaletwa kompyuta nyingine, ya nne. Meneja akasema awekwe wa akiba, ile ya kwanza ikifa, hii iendelee. Akampigia Deo simu, Deo akasema atakuja baada ya wiki mbili, mtu asiiguse. Meneja akalalamika siku nzima kwamba wiki mbili ni nyingi na mkutano wa Salale umekaribia. Mie nikamsikia. Hakuna aliyenituma, jamani. Nilitaka tu Deo akija akute imekwisha, aseme mbele ya meneja, nani kafanya, na mie ninyamaze kidogo kabla ya kujibu.

Nikafungua makasha mawili, nikachomoa diski ya mashine mpya, nikaiunga kwenye ya zamani, nikalinakili lile faili kubwa na maandishi yake ya maelekezo. Nikarudisha diski, nikajenga daraja, nikawasha. Ikawaka kama mama yake.

Ikabaki namba. Sikuibadilisha, na si kwa kusahau. Niliiacha kwa makusudi, na jina nikaliacha, na namba ya kadi ambayo wala sikujua kuwa nayo iko humo kwenye maelekezo, nayo ikabaki.

Sikilizeni nilivyofikiri. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa anapewa jina la babu yake. Mie ni Athumani kwa sababu babu yangu alikuwa Athumani. Bibi yangu alikuwa ananiita mume wangu, ananitengea mkia wa samaki kama alivyomtengea yeye, na babu alipofariki watu walimpa bibi pole kisha wakanigeukia mie, kitoto cha miaka sita, wakasema, huyu si yupo. Nami nikaketi kwenye kiti chake na hakuna aliyecheka. Basi wa akiba nikaona ni mjukuu. Babu akizimika, mjukuu anaitikia kwa jina lilelile, wala wanaopiga hodi hawajui kama kuna aliyeondoka. Kwani ubaya uko wapi? Kwetu wawili wenye jina moja wanakula sahani moja.

Na akiba ya namna hiyo ipo, wanangu, Deo mwenyewe aliniambia hapo zamani. Lakini mjukuu anakaa amezimwa mpaka babu afe. Mie niliwawasha wote wawili. Nikapiga hodi, ikaitikia, nikafurahi. Windows zote mbili kimya, kwa sababu zenyewe zilikuwa na namba tofauti. Waliokuwa na namba moja ni wale wa ndani, na wale hawapigi kelele. Hodi ikiitikiwa inakuambia yupo mtu. Haikuambii ni nani.

Baada ya siku mbili Mwanaidi akanifuata kwenye banda la jenereta. "Babu, watu wa Mfuruni niliowaingiza asubuhi wameondoka."

Mfuruni ni kitongoji kimoja cha kule. Nikamwambia zima uwashe. Akazima akawasha, wakarudi. Alasiri wakaondoka tena, wakaja wengine. Sasa nyinyi mnajua kilichokuwapo. Akiandika, wakati mwingine anamwandikia babu, wakati mwingine mjukuu, kila mmoja anashika kipande chake. Mie sikujua. Wallahi wakati ule sikujua. Mwanaidi akaenda kwa meneja, meneja akamwambia apunguze ndoto za mchana na kusoma magazeti ya mapenzi. Akarudi amenuna, akaendelea na kazi. Fomu zikiisha kuingizwa anazifunga kwa kamba, anaweka stoo, na kwa kuwa stoo ilikuwa na mchwa, likatoka agizo zichomwe. Nilizichoma mie. Mkono huu unaoshika kalamu.

Halafu ikaja amri kwamba mashine ya akiba inahitajika Ngarambe, kwenye ofisi ndogo ya mradi, isafishwe ipelekwe. Nikafuta mwenyewe kila kilichokuwamo ndani yake, safi kabisa, nikaifunga kwa nailoni na kanga mbili kuukuu za mke wangu kuzuia vumbi. Nilimpa dereva maneno mengi asiirushe kwenye makorongo.

Siku nne kabla ya mkutano Mwanaidi akachapa orodha. Vitongoji vyote vilikuwa na mapengo kidogo, lakini Mfuruni ilikuwa karibu yote haipo. Meneja akamwita, akaniita na mie kwa kuwa nilikuwa mlangoni. Mwanaidi akaapa kwamba aliwaingiza, akaanza kuwataja kwa majina, Somoe binti Mkumba, Saidi Mbonde, Tatu Ngayonga, bila karatasi, vidole vinachapa hewani. Meneja akasema majina hata yeye anaweza kutunga.

Nami pale mlangoni nikalitazama boksi langu ukutani. Mwisho arobaini. Ikanijia yote kwa mara moja, kuanzia ile kupotea na kurudi mpaka kufuta. Watu wa Mfuruni walikuwa kwa mjukuu, na mjukuu nilishamfuta.

Meneja akanigeukia, kwa dharau, si kwa kunishuku. "Na wewe mzee, ile kompyuta ya akiba, uliigusa zaidi ya kuifunga nailoni? Unajua chochote kuhusu mashine hizi?"

Mngekuwa nyinyi mngesema nini? Ningesema, mkutano ungeahirishwa, wapimaji wangerudi Mfuruni na boti, mpunga ulikuwa bado umesimama, madungu yapo, kila kitu kingeonekana. Wiki mbili tu. Nami ningepewa barua nyingine ya kushukuriwa, safari hii bila shukrani.

"Mie ni mtu wa jenereta," nikasema.

Meneja akacheka. Mwanaidi hakucheka. Alikuwa ameniona mara ngapi mbele ya mashine ile? Mara ngapi nimemwashia? Alikuwa na haki ya kusema, na ulimi alikuwa nao. Alinitazama tu, akangojea niendelee, kama mtu aliyemfungulia mwenzake mlango. Nilipokuwa siendelei akachukua mkoba wake. Aliandikiwa kwamba alidanganya kazi, akaondoka siku hiyohiyo. Pale mlangoni aliniambia neno moja, kwa adabu kabisa, "Kwaheri, mtu wa jenereta." Lile jina la Babu nilikuwa nimekwisha kuvuliwa.

Salale nilikwenda, nilibeba jenereta dogo la kipaza sauti. Yakasomwa majina. Wa vitongoji vingine wakaitikia, wengine wakapiga vigelegele. Ilipofika Mfuruni wakasomwa watu watano, msomaji akafunga karatasi. Akainuka bibi mmoja, mguu wake mmoja umevimba, akasema yeye ndiye Somoe binti Mkumba, na shamba lake liko kati ya shamba la fulani na mto, na wapimaji walikunywa maji dunguni kwake. Akaomba asomewe tena, huenda hakusikia vizuri.

Wakamsomea tena. Kwa heshima. Watano.

Akauliza, "Mwandishi yuko wapi? Mwandishi ananijua, kaniandika jina nikiwa nimesimama."

Wakamwambia mwandishi amefukuzwa kwa uwongo. Akaketi. Mie nilikuwa nyuma ya jenereta, hatua kumi kutoka kwake, linanguruma vizuri, dizeli safi.

Mabwawa yalichimbwa Mfuruni. Maji ya chumvi yakaingizwa, misimu michache baadaye mwekezaji akahesabu, akaona hailipi, akaondoka na mashine zake kama yule wa kinu. Chumvi haikuondoka. Hata leo ukipita kwa boti utaona pameota majani mekundu tu. Hayo ndiyo yaliyoitwa maendeleo, na mie nilikuwa mmoja wa waliolipwa mshahara kuyaleta.

Deo hakuja tena; alinipigia simu mara moja, kwa simu ya meneja. Akaniuliza polepole, "Mzee wangu, ile ya pili uliipa namba gani?" Nikamwambia mtandao mbaya, simsikii. Alikuwa anasikika kama yuko chumbani. Akakata. Nilibaki kazini mpaka mradi ulipofungwa, nikapewa cheti cha uaminifu. Sikumpa mke wangu azibie tundu. Nilikichana mwenyewe.

Basi hayo ya kazi muyashike. Ukinakili, badilisha namba kabla hujawasha, na ya kadi, na jina. Namba iandike kwa wino juu ya kasha, kila mashine yake. Hodi ikiitikiwa, chomoa waya wa mashine hiyo upige tena, uone kama bado kuna anayeitikia. Ikiitikia na waya umechomoa, mna wawili. Na usifute kitu wala kuchoma karatasi eti kwa sababu umeambiwa. Anayelalamika kwamba watu wake wameondoka, mwende mkatazame naye, hata kama ana ulimi.

Mwanaidi ana duka Ikwiriri, la vitambaa, alimrithi baba yake. Wiki iliyopita nilimpelekea kurasa hizi. Alikuwa anampimia mteja kitenge. Alisoma mistari ya kwanza amesimama, akafika pale nilipowajibu vijana wa fotokopi, akanirudishia.

"Bado unasema hivyohivyo," akaniambia, akarudi kwenye kitenge chake.

Ni kweli. Kwa hiyo nimerudi kwenye lile duka la fotokopi, nimewaambia vijana wale, na nyinyi nawaandikia, ili mkiulizwa msiwe na la kubahatisha. Aliyeinakili mashine ile ni Athumani Njawa. Aliyewaandika watu wa Mfuruni ni Mwanaidi, na aliwaandika wote.